Mwalimu wa Kwaya na Historia Fupi ya Marehemu: Uhakiki wa Wasifu wa Mazishini katika Mji wa Isiolo

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeshughulikia sana utenzi, shairi, riwaya na tamthilia. Katika miongo ya karibuni umezipa hadithi na methali nafasi yake pia. Lakini iko tanzu moja ya nathari ambayo husomwa hadharani karibu kila juma katika makanisa ya Kenya, mbele ya hadhira kubwa kuliko ile ya riwaya nyingi, na ambayo haijahesabiwa kuwa fasihi. Tanzu hiyo ni wasifu unaosomwa mazishini, ambao waumini huuita kwa kawaida "historia fupi ya marehemu".

Makala haya yanakusudia kuichunguza tanzu hiyo kwa kumtazama mhusika wake mmoja, yaani mwalimu wa kwaya. Mhusika huyu amechaguliwa kwa sababu ni msanii. Wakulima, makarani na wafanyabiashara wakifa, kazi zao huonekana katika shamba, faili au duka. Kazi ya mwalimu wa kwaya imo katika vinywa vya watu, na kama haikuandikwa popote, wasifu wa mazishini ndio nafasi ya mwisho ya kuitaja. Hoja ya makala ni kwamba historia fupi, kama ilivyozoeleka, huyagawa maisha ya mwanamuziki wa kanisa katika mafungu mawili, imani na jamaa, kisha huuacha muziki wenyewe nje ya mafungu yote mawili. Matokeo ya mgawanyo huo ni kwamba mtunzi husifiwa sana na husahauliwa upesi.

2. Mazingira: Isiolo na Kiswahili cha ibada

Haifai kuihakiki tanzu hii bila kueleza mahali inaposomwa. Isiolo ni mji uliokua penye njia panda. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya 1914–1918, askari wa Kisomali waliolitumikia jeshi la Waingereza walipewa makazi huko. Utawala wa kikoloni uliweka hapo makao makuu ya eneo la Mpaka wa Kaskazini pamoja na karantini ya mifugo. Waborana wa bonde la Ewaso Nyiro, Waturkana, Wasamburu na Wameru walikutana hapo kwa sababu ya malisho, kazi na biashara. Vita vya shifta vya 1963–1967 viliwapokonya wafugaji wengi mifugo yao, na baadhi yao wakasogea karibu na mji kutafuta namna nyingine ya kuishi.

Kwa msomi wa lugha, jambo kuu ni kwamba katika mji huo mmoja hukutana familia tatu za lugha. Kiborana na Kisomali ni Kikushi. Kiturkana na Kisamburu ni Kiniloti. Kimeru ni Kibantu. Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya ofisi na ya ibada inayowachanganya watu hao. Kwa wakazi wengi si lugha ya mama. Kwa hiyo wasifu unaosomwa kwa Kiswahili mazishini huandikwa, mara nyingi, na watu walioomboleza usiku kucha kwa lugha nyingine nyumbani, kisha asubuhi wakatafuta lugha itakayowafaa majirani wote, wakiwamo Waislamu waliokuja kuwafariji wafiwa.

Hali hii inaeleza sehemu ya ugumu wa mtindo wa historia fupi. Mtu anayeandika katika lugha ya pili, akiwa katika msiba, huelekea kushika maneno yaliyokwisha kuthibitishwa na wengine. Fomula humwokoa mwandishi asikosee mbele ya watu. Mhakiki anayezicheka fomula hizo bila kufikiria hali hiyo atakuwa hajamtendea haki mwandishi. Hata hivyo, kueleza sababu ya udhaifu si sawa na kuuhalalisha.

Pia isisemwe kwamba mji huu haujui kukumbuka watu. Kata ya Wabera imebeba jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya aliyeuawa mwaka 1963. Askofu Luigi Locati, aliyeliongoza eneo la Kanisa Katoliki la Isiolo tangu lilipoundwa kuwa vikarieti mwaka 1995, aliuawa tarehe 14 Julai 2005, na jina lake limo katika kumbukumbu za Kanisa duniani. Wenye vyeo wana kata, makaburi yenye maandishi na vitabu. Mwalimu wa kwaya ana kurasa mbili zilizopigwa chapa usiku wa kuamkia mazishi.

3. Muundo wa historia fupi

Kwa kuwa haifai kuanika hadharani wasifu wa mtu binafsi aliyezikwa na jamaa zake, makala haya yametunga kielelezo chake chenyewe. Kielelezo hiki ni cha kubuni, lakini msomaji aliyewahi kuhudhuria mazishi ya Kikristo nchini Kenya ataitambua sauti yake:

"Marehemu alizaliwa mwaka 1946, akiwa mtoto wa tatu katika jamii ya watoto saba. Alisoma shule ya msingi, kisha akaajiriwa kuwa karani. Mwaka 1970 alifunga ndoa takatifu na wakajaliwa watoto sita. Marehemu alimpenda Mungu tangu ujana wake. Alilitumikia kanisa kwa uaminifu kama mwalimu wa kwaya kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa baba mwema na mwenye upendo kwa watu wote. Aliugua kwa muda mfupi, kisha akaitwa na Bwana. Ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na wawili. Daima tutamkumbuka."

Muundo wake ni wa hatua saba: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, imani, ugonjwa na kifo, na hesabu ya walioachwa. Baada ya hapo husomwa mstari wa Biblia, na mara nyingi huwa ni maneno ya Paulo kwa Timotheo kuhusu mwendo uliokamilika, au maneno ya Ayubu baada ya kufiwa. Utaratibu huu una uzuri wake. Unafanana na utenzi kwa kuwa na dibaji, wasifu na dua. Unamweka marehemu katika ukoo, katika mji na mbele za Mungu, kwa mfuatano unaofuatika hata na mtu asiyemjua. Mtoto aliyesimama nyuma ya umati, mwenye Kiswahili cha shuleni tu, atauelewa wote.

Kwa upande wa fani, basi, historia fupi haina upungufu mkubwa. Udhaifu wake uko katika namna fani hiyo inavyoyatenga maudhui. Katika kielelezo, sentensi ya ndoa na sentensi ya kwaya zinafuatana kwa karibu, lakini hazigusani. Mke na watoto wamo katika fungu moja. Kanisa na kwaya vimo katika fungu jingine. Msomaji hawezi kujua kwamba miaka ile thelathini ya kwaya na miaka ile ya kulea watoto sita ilikuwa miaka ileile, katika nyumba ileile, kwa mshahara uleule wa karani.

4. Vitenzi vya historia fupi

Uchunguzi wa vitenzi vya kielelezo unaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Vitenzi vinavyobeba maisha ya marehemu ni hivi: alizaliwa, akaajiriwa, wakajaliwa, akaitwa. Vyote viko katika kauli ya kutendwa. Mwanzo, riziki, uzazi na mwisho wa mtu vinamjia kutoka nje yake. Hilo lina msingi wa kidini. Mwamini hukiri kwamba hakujiumba, na kiambishi cha kutendwa ni njia ya kisarufi ya kukiri hivyo. Waislamu na Wakristo wa Isiolo wanakubaliana katika sarufi hiyo hata wanapotofautiana katika itikadi.

Vitenzi vya kutenda ni vichache. Ukiacha alisoma, alifunga ndoa na aliugua, ambavyo husemwa juu ya kila mtu, vilivyobaki vinavyohusu utu na utumishi wake ni viwili tu: alimpenda na alilitumikia. Cha kwanza ni cha hali ya moyo. Cha pili ndicho kilichobebeshwa kazi yote ya mwanamuziki, nacho hakiwezi kuibeba. Mfagiaji wa kanisa alitumikia. Mweka hazina alitumikia. Aliyechota maji ya maua alitumikia. Utumishi wa kila mmoja una thamani yake, lakini neno moja likitumiwa kwa wote halielezi kazi ya yeyote. Vitenzi vinavyomhusu mwalimu wa kwaya peke yake, kama vile kutunga, kupanga sauti, kunukuu, kukariri, kusahihisha na kuanzisha wimbo, havimo.

Jambo jingine linahusu nomino. Mke wa marehemu katika kielelezo hatajwi kabisa mpaka mwisho, na anapotajwa anaitwa mjane. Katika sentensi ya ndoa amefichwa ndani ya kiambishi cha wingi cha neno wakajaliwa. Mwanamke aliyeishi na mwanamuziki kwa miongo mingi anaingia katika maandishi siku mumewe anapotoka duniani, na anaingia kwa jina la hasara yake. Lugha hapa haikukusudia ubaya. Imefuata mazoea tu. Lakini mazoea hayo yana maana, na mhakiki anapaswa kuyataja.

5. Kazi isiyotajwa

Ni nini hasa kilichoachwa nje? Ili kujibu swali hili inafaa kueleza kazi ya mwalimu wa kwaya kama kazi ya lugha, kwa kuwa wasomaji wa maandishi ya mazishini, na pengine hata wasomi, huidhania kuwa ni kazi ya sauti tu.

Nyimbo nyingi za kwanza za Kikristo kwa Kiswahili zilikuwa tafsiri zilizopachikwa juu ya mahadhi ya Ulaya. Kiswahili, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, hakina toni, lakini kina mkazo unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika neno Mungu mkazo uko kwenye mu; katika mwokozi uko kwenye ko; katika utukufu uko kwenye ku. Mahadhi yaliyotungwa kwa Kiingereza au Kijerumani yana tabia ya kumalizia mstari kwa pigo zito juu ya silabi ya mwisho. Neno la Kiswahili likiwekwa hapo hulazimika kutamkwa kinyume cha umbo lake. Waumini huzoea, lakini mtoto anayejifunza neno kwa mara ya kwanza kanisani hulijifunza likiwa limepotoka.

Tatizo lilikuwa kubwa zaidi katika lugha zenye toni, ambako kupandisha au kushusha sauti kunaweza kubadili maana. Kwa sababu hiyo Stephen Mbunga, padri wa Tanzania aliyetunga Misa Baba Yetu, aliandika kitabu kilichotolewa mwaka 1963 kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huohuo, Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati juu ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha na muziki wa wenyeji. Kutoka hapo mzigo wa kuitekeleza hati hiyo haukubebwa na maaskofu. Ulibebwa na walimu wa kwaya, wengi wao walimu wa shule za msingi na makarani, waliokaa na daftari jioni wakijaribu kuyapatanisha maneno na mahadhi.

Zana yao kuu ilikuwa solfa, mfumo wa herufi za noti ulioenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa Afrika na wamisionari. Solfa haihitaji karatasi ya mistari mitano wala kinanda. Inahitaji kalamu, daftari na sikio. Katika daftari hilo mtunzi huandika sauti nne, soprano, alto, teno na besi, na chini yake huweka silabi za maneno. Kila silabi ni uamuzi. Mwalimu wa Isiolo anakabiliwa na uamuzi wa ziada, kwa kuwa waimbaji wake hutoka katika lugha tatu au nne, na kila mmoja huja na mazoea yake ya matamshi na ya mdundo. Wimbo unaoimbika kwa urahisi na Mmeru huenda usimkae vizuri Mturkana. Kuutunga wimbo watakaouimba wote ni kazi ya isimu, ingawa mwenyewe hakuiita hivyo.

Hayo ndiyo yaliyofichwa chini ya maneno "alilitumikia kanisa kwa uaminifu". Daftari lenyewe halitajwi. Huachwa katika sanduku pamoja na stakabadhi za ada za shule, na hatima yake hutegemea bahati.

6. Mifano ya kulinganisha

Mtu anaweza kusema kwamba wasifu wa aina nyingine hauwezekani katika mila za Kiswahili. Hoja hiyo inakanushwa na wasifu maarufu kuliko wote wa mwanamuziki katika lugha hii. Shaaban Robert alikutana na Siti binti Saad muda mfupi kabla ya mwimbaji huyo kufariki mwaka 1950, na Wasifu wa Siti binti Saad ulichapishwa mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Siti hakuwa mwanamuziki wa kanisa. Alikuwa Mwislamu wa Unguja na malkia wa taarab. Hata hivyo kitabu hicho kinafaa kuwa kipimo, kwa sababu nacho ni maandishi ya kumtukuza aliyekwisha kufa, chenye mawaidha mengi na sifa nyingi.

Tofauti iko katika namna sifa zinavyoshikamana na mambo yaliyotendeka. Msomaji anamwona Siti akitoka Fumba, akiuza vyungu, sauti yake ikiwa sehemu ya biashara yake. Anamwona akiingia mjini, akijifunza, akidharauliwa kwa asili yake. Anafuatana naye hadi sahani zake za santuri zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928. Shaaban Robert hupenda kupanda mimbari, na wahakiki wamemlaumu kwa haki juu ya hilo, lakini hakuutenga ufukara wa nyumbani na sanaa ya jukwaani. Vyungu na nyimbo vimo katika maisha mamoja. Katika maandishi yake ya tawasifu alifanya vivyo hivyo: kifo cha mkewe Amina na malezi ya watoto havikuwekwa kando ya maisha ya mshairi, bali vilikuwa chanzo cha shairi.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Isiolo. Wimbo wa taifa wa Kenya wa mwaka 1963 uliandaliwa na tume ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mahadhi yake yalitokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Wapokomo huishi kando ya mto Tana, katika kaunti inayopakana na Isiolo upande wa kusini-mashariki. Kwa kuwa shughuli hiyo ilikuwa ya dola, majina ya wanatume yamehifadhiwa, na asili ya mahadhi inajulikana. Somo lake kwa makala haya ni jepesi. Muziki wa hadhara kubwa kuliko zote nchini ulianzia katika nyumba, kwa mtu aliyekuwa akimlaza mtoto. Nyumba na hadhara havikutengana katika wimbo wenyewe. Hutenganishwa na maandishi.

Mfano wa tatu ni wa onyo. Missa Luba, iliyozaliwa Kamina nchini Kongo mwaka 1958, ilijulikana duniani kwa jina la padri Mbelgiji, Guido Haazen, aliyeiongoza kwaya hiyo. Sehemu kubwa ya misa hiyo ilitokana na ubunifu wa waimbaji wenyewe, lakini wasikilizaji wengi wa nje hawakuwahi kujua jina la hata mmoja wao. Dhidi ya onyo hilo uko mfano wa faraja: Bernard Kyamanywa, mchungaji wa Kilutheri wa Tanzania, aliandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka juu ya mahadhi ya Kihaya, nao umeingia katika vitabu vya nyimbo vya Ulaya na Marekani ukiwa na jina lake. Tofauti ya hatima hizi mbili haikuletwa na ubora wa muziki. Ililetwa na kitu kidogo sana, yaani kuwapo kwa mtu aliyeandika jina pembeni ya wimbo.

7. Nyumba ya mwanamuziki

Imedaiwa hapo juu kwamba historia fupi huitenga jamaa na imani. Dai hili linahitaji kutetewa, kwa kuwa wengine watasema kinyume: kwamba wasifu wa mazishini hujaa mambo ya jamaa kuliko mambo mengine yote. Ni kweli kwamba majina ya watoto, wakwe na wajukuu huweza kuchukua ukurasa mzima. Lakini orodha ya jamaa si maelezo ya maisha ya jamaa.

Maisha ya nyumba ya mwalimu wa kwaya yana umbo lake maalumu. Mazoezi hufanyika jioni na mwishoni mwa juma, saa ambazo nyumba nyingine humpata baba yao. Krismasi na Pasaka, sikukuu ambazo jamaa hukusanyika, ndizo siku ambazo yeye hana nafasi ya kula na watu wake. Malipo huwa madogo au hayapo. Pesa ya kununulia vitambaa vya sare au kukarabati kinanda mara nyingine hutoka katika mfuko wa nyumbani. Upande mwingine, watoto wa nyumba hiyo hukua wakisikia wimbo kabla haujakamilika. Wao ndio wanaojaribiwa sauti ya pili jikoni. Mke ndiye msikilizaji wa kwanza, na mara nyingi ndiye anayesema kwamba neno fulani halikai.

Ikiwa hayo ni kweli, basi nyumba hiyo ilikuwa karakana ya utunzi. Imani ya mwanamuziki ilipimwa hapo kabla ya kupimwa kanisani, na gharama yake ililipwa hapo. Wasifu unaosema tu kwamba alikuwa "baba mwema" unawanyima wafiwa sifa wanayostahili. Mtoto aliyemkosa baba yake jioni nyingi, akamsamehe kwa sababu ya wimbo, anastahili kusikia sentensi inayolijua jambo hilo. Asipoisikia, atakuwa amesomewa maisha ya mtu mwingine.

8. Hoja ya heshima

Pingamizi kubwa dhidi ya uhakiki huu ni la adabu. Mazishini si mahali pa kupima watu, na mila za jamii zote za Isiolo hukataza kumsema vibaya aliyekufa. Historia fupi huandikwa kwa haraka, kwa machozi, na mara nyingi kwa kamati ya watu wasiokubaliana. Kuitaka iwe fasihi ni kuwaongezea wafiwa mzigo.

Pingamizi hili lina uzito, na sehemu yake ikubaliwe. Hakuna anayedai kwamba makosa ya marehemu yatangazwe. Lakini adabu na ukweli si maadui. Kusema kwamba mtu alikuwa akichelewa kurudi nyumbani kwa sababu ya mazoezi si kumtukana. Ni kueleza kazi yake ilikuwa na bei gani na nani aliilipa. Kutaja wimbo alioutunga hakuhitaji muda zaidi ya kutaja upendo wake kwa watu wote. Tena, sifa ya jumla ndiyo yenye upungufu wa heshima, kwa kuwa inaweza kusomwa juu ya jeneza la mtu yeyote. Ukibadilisha jina tu, kielelezo cha hapo juu kitamfaa karani mwingine aliyezikwa juma lililopita.

Liko pia jambo la hadhira mchanganyiko. Inawezekana kwamba maneno ya jumla hupendelewa kwa sababu hayamtengi jirani wa dini nyingine. Hapa napo uzoefu wa taarab na wa wimbo wa taifa unafundisha kinyume. Jirani Mwislamu aliyeusikia wimbo wa kwaya ukivuka ua kila Ijumaa jioni kwa miaka ishirini anaujua wimbo huo. Atatikisa kichwa utakapotajwa. Jambo mahususi humkaribisha kuliko tamko la itikadi.

9. Hitimisho

Uhakiki usioonyesha njia huishia katika lawama. Inafaa, basi, kukirudia kielelezo kile cha kubuni na kukiandika upya kwa urefu uleule, bila kuongeza elimu wala gharama:

"Marehemu alizaliwa mwaka 1946, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Mama yake alikuwa mwimbaji wa arusi, na mahadhi ya wimbo wake wa kwanza aliyapata kwake. Alikuwa karani mchana na mwalimu wa kwaya jioni. Mwaka 1970 alioa, na mkewe, aliye hapa pamoja nasi, alikuwa wa kwanza kusikia kila wimbo alioutunga, na mara nyingine alimwambia aubadilishe. Jioni za Jumanne na Ijumaa hakuwa nyumbani. Mama huyu ndiye aliyefunga zizi na kuwalaza watoto sita. Alitunga nyimbo, akazipanga kwa sauti nne, nazo zimo katika daftari tatu alizonazo binti yake wa pili. Wimbo tulioingia nao leo ni wake."

Mabadiliko ni machache. Mke ametajwa akiwa hai kabla ya kuitwa mjane. Imani haikutangazwa, lakini imeonekana katika jioni alizozitoa. Daftari limepewa mahali, na anayetaka kulinakili anajua aende kwa nani. Sentensi ya mwisho inawafanya waombolezaji wagundue kwamba walikuwa wakimwimba marehemu bila kujua.

Idara za lugha katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki zimekusanya tendi kutoka Lamu na Pate, na kazi hiyo ilifanywa kwa wakati, kabla hati nyingi hazijapotea. Daftari za solfa za walimu wa kwaya wa bara, katika miji kama Isiolo, ni hati za Kiswahili zilizo katika hatari ileile. Zina maneno, mkazo, tarehe na, pale mwenyewe alipojali, jina. Kizazi kilichozitunga baada ya mwaka 1963 kinazikwa sasa, na siku ya mazishi hupita kwa saa chache. Mtafiti anayezitaka daftari hizo ingefaa aanze kwa kuhudhuria mazishi, asikilize historia fupi hadi mwisho, kisha aiulize jamaa swali moja ambalo maandishi hayo hayakulijibu: marehemu alitunga wimbo gani?